Kahawa Iliyopotea Njia

Habari iliyowagombanisha watu wa kijiwe cha Mama Blessing, pale Katoro nyuma ya maduka ya kununulia dhahabu, ililetwa na Ngassa, ambaye kijiweni walimwita Redio. Mwenyewe alisema kazi yake ni udalali wa dhahabu, ila hakuna aliyewahi kumwona ameshika dhahabu. Alichoshika muda wote ni simu, na kila asubuhi aliiinua mbele ya uso kama katekista mwenye somo la siku, akawatangazia wenzake dunia imeamkaje.

Asubuhi hiyo dunia iliamka na kahawa.

"Daktari mmoja wa ng'ambo anasema kahawa inaongeza umri," alisema Redio. "Anayekunywa kila siku anawazika wenzake."

"Mwaka jana ulitusomea kwamba inaua," alimkumbusha Amosi.

"Wa mwaka jana alikuwa daktari mwingine."

"Yuko wapi siku hizi?"

"Nitajuaje?"

"Basi amekufa. Si hakunywa?"

Amosi huyu alikuwa na mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, zile zinazoitwa karasha, zinazonguruma mji mzima tangu jua linapochomoza. Kijiweni naye aliitwa Karasha, kwa sababu ya mashine na kwa sababu ya mdomo, maana hoja yoyote iliyoingia humo ilitoka unga. Mtu akija na habari ya mvua, Karasha anaisaga. Akija na habari ya Yanga na Simba, inasagwa vilevile. Alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kushindana na injini, na benchi lilijua akikaa na likajua akiondoka.

Upande wa pili wa benchi alikaa Mzee Mabula, mfugaji wa upande wa Mwadui, aliyehamia Katoro kwa binti yake baada ya magoti kukataa kufuata ng'ombe. Mzee Mabula alikuwa mpole. Alikuwa akisema kidogo, na alichosema alikuwa amekifikiria. Mpaka mvi zinamwota alikuwa hajawahi kunywa kitu cha rangi nyeusi; kwake kinywaji kilikuwa maziwa, na maziwa yakigoma kilikuwa mtindi. Siku ya kwanza alipoonjeshwa kahawa hapo kijiweni aliitema pembeni kwa adabu, akauliza kama hiyo ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Siku hizi hakuwa anaitikia hata shikamoo kabla ya kikombe cha kwanza.

Aliyembadilisha ni Klara mwenyewe, Mama Blessing, mwenye birika. Klara alikuwa Mhaya wa Muleba, na katika maisha yake alikuwa na majivuno mawili: binti yake Blessing, aliyekuwa chuo cha ualimu, na kahawa yake. Buni aliagiza kwao. Alikaanga mwenyewe, akatwanga mwenyewe kwenye kinu ambacho hakuruhusu kiguswe na karanga. Aliamini kwamba ulimi wa mtu unasoma madarasa. Mgeni anaanza chekechea, anataka sukari. Akipanda anaacha sukari, anategemea kashata. Akipanda zaidi anasema punguza tangawizi. Mwisho wa yote, na wachache hufika, mtu anakunywa kahawa yenyewe, chungu, moto, bila kitu cha kujificha nyuma yake. Mzee Mabula alikuwa darasa la kashata. Karasha alikuwa anarudia darasa mwaka hadi mwaka.

Na kulikuwa na mmoja aliyekwisha maliza shule yote. Huyo alikuwa kijana aliyeitwa Davis, mwenye ofisi mpya karibu na stendi. Kila asubuhi alikuja na chupa kubwa ya chai, akaomba ijazwe kahawa kali, isiyo na sukari, isiyo na tangawizi, isiyo na iliki. Klara alimwona kama zawadi. Mara ngapi alikuwa amewaambia wateja wake wamtazame Davis, wajifunze. Huyo ndiye mtu anayeheshimu kahawa, alikuwa akisema, wengine wote mnakunywa tangawizi iliyopakwa masizi.

Sasa Redio alikuwa bado anasoma.

"Lakini wanasema faida kubwa haipatikani kwa kunywa," alisema.

"Hilo najua," alidakia Klara, akainua birika kutoka kwenye jiko. "Kwetu mgeni anapewa za kutafuna. Unatafuna mbili tatu, mazungumzo yanaanza."

"Siyo kutafuna, Mama Blessing."

"Kunusa?" aliuliza Mzee Mabula.

Redio akatazama huku na huku, akashusha sauti, akaeleza. Alieleza kwa kuzunguka sana, kwa sababu alikuwepo mama na alikuwepo mzee. Alianzia kwenye ini, akapitia utumbo mwembamba, akaingia utumbo mpana, na alipofika mwisho wa utumbo mpana watu wakaelewa kwamba safari ilipaswa kuanzia hapo, irudi juu.

Birika la Klara lilibaki hewani.

"Yaani wanaiingiza kule?" aliuliza Karasha.

"Kwa mpira."

"Ya moto?"

"Vuguvugu."

"Na sukari?"

"Bila kitu chochote. Kali tupu."

"Na kashata inakuwaje?" aliuliza Mzee Mabula, ambaye alikuwa anataka kujua kweli.

Lakini Redio alikuwa ameshafika kwenye habari yenyewe. Hakuna haja ya kwenda ng'ambo, alisema. Hapa hapa Katoro yupo anayefanya hivyo, na watu wanapanga foleni. Ni yule Dokta Davis wa stendi. Ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: Tunachenjua Mwili.

Klara alirudisha birika jikoni taratibu, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala. Kali tupu. Bila sukari, bila tangawizi, bila iliki. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akimpungia Davis mkono mbele ya watu, akimwita bingwa, na mwili wote ukamsisimka kwa aibu. Redio alimtazama, akaelewa, akafungua mdomo. Klara alimwambia kwamba neno likitoka humo, kahawa yake hatainywa tena. Redio akaufunga.

Davis mwenyewe alitokea muda si mrefu, na chupa yake kwapani. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye koti jeupe na sauti ya upole. Wenyeji walimfahamu tangu alipokuwa anauza vitenge, kisha dawa za mafua ya kuku. Udaktari ulimjia pamoja na koti. Klara alimuuliza mbele ya wote kahawa yake huwa inakwenda wapi. Davis hakubabaika hata kidogo. Alisema mama asione vibaya, kwa mdomo kahawa inakutana na foleni, inasimamishwa na meno, inapimwa na tumbo, ikifika inakohitajika imechoka. Yeye ameifungulia barabara ya mkato tu. Na wagonjwa, alisema, wanaisifu sana kahawa ya Mama Blessing.

"Wanaisifuje na hawajaionja?" aliuliza Klara.

Davis alicheka kistaarabu, akasogeza chupa mbele.

Hapo Klara angeweza kukataa. Alifikiri kukataa. Lakini Davis alikuwa mteja mkubwa kuliko benchi zima, na Blessing alikuwa chuoni, na mwisho alijiambia kwamba kahawa ikishatoka mkononi mwake ni kama binti aliyeolewa. Hawezi kumfuata kuona analala upande gani wa kitanda. Akajaza chupa. Aliijaza moto, inachemka, kwa sababu kutoa kahawa ya vuguvugu ilikuwa dhambi ambayo hata kwa ajili ya Davis hangeitenda. Ipoe huko huko kwake.

Siku zile kijiwe hakikuwa na mada nyingine. Redio alisimama upande wa sayansi. Mafundi pikipiki waliopita kunywa walisimama upande wa kucheka. Aliyeshangaza watu ni Karasha. Walidhani atalisaga jambo hilo likawa vumbi, lakini alikaa kimya siku nzima akitazama kikombe chake, na kesho yake akaja na maelezo. Jamani, alisema, sisi ni watu wa dhahabu. Jiwe ukishalisaga, dhahabu hujaipata. Mpaka uoshe. Unapitisha maji, uchafu unakwenda, cha maana kinabaki. Na hata uchafu ule hautupi, ni marudio, unayachenjua tena na unapata kitu. Sasa tumbo la mtu mzima limesaga ugali miaka mingapi bila kuoshwa?

"Kwa hiyo unatafuta dhahabu mle?" aliuliza Redio.

Watu walicheka, na Karasha alicheka nao, lakini Klara aliona kwamba alicheka akiwa ameshika ubavu. Klara alikuwa anajua kitu ambacho wengine hawakujua. Salome, mke wa Karasha, alikuwa amemnong'oneza kanisani kwamba mumewe anaumwa tumbo kwa muda mrefu, na kwamba chooni anaona damu. Alikuwa amekwenda hospitali, daktari akamwambia lazima wapitishe kamera ndogo waone ndani kuna nini. Karasha alivaa viatu akaondoka. Alimwambia mkewe kwamba yeye ana vibarua, ana heshima zake, na hakuna mtoto wa mtu atakayempiga picha huko.

Benchi lilipobaki na watu wachache, Klara alimsogelea kwa kisingizio cha kukusanya vikombe. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba hamwelewi. Kamera, kitu kidogo, inayoshikwa na daktari aliyesoma, ameikataa. Kahawa, birika zima, inayomiminwa na muuza vitenge, ameikubali.

"Kamera inatazama, Mama Blessing," alisema Karasha. "Kahawa haina macho."

Akaenda kwa Davis.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kwa Klara kuliko alivyotarajia. Karasha alirudi kijiweni amenyooka kama aliyetuliwa gunia. Alisema mwili umekuwa mwepesi. Alisema anaona mbali. Alisema hata mashine yake inasaga vizuri zaidi, jambo ambalo Mzee Mabula aliomba afafanuliwe na hakufafanuliwa. Aliwashawishi vibarua wake wawili wakaenda, akamshawishi fundi pikipiki aliyekuwa upande wa kucheka. Na jambo lililomuuma Klara kuliko yote, aliacha kunywa. Alikuja, akakaa, akapiga soga, na kikombe kilipomfikia alikizuia kwa kiganja.

"Mdomo ni wa wanaoanza," alisema.

Klara, aliyekuwa amemfundisha mtu huyo tangu enzi za vijiko vingi vya sukari, alimwaga kikombe kile chini. Hata ukaangaji wake uliharibika siku hizo. Alijikuta anakaanga akiwaza ni nani atakayejua kama zimeungua. Mzee Mabula alionja, akakunja uso, akamuuliza kwa upole, "Mayu, nani amekufa?" Yeye alikuwa anawaita wanawake wote mayu, mama, kwa Kisukuma, hata wale aliowazidi umri mara mbili. Klara alimjibu kwamba hakuna aliyekufa. Lakini swali lile lilimrudisha kwenye kinu, akaanza tena kutwanga vizuri, angalau kwa ajili ya ulimi mmoja uliobaki.

Kisha Karasha akaacha kuonekana.

Siku ya kwanza kijiwe kilisema amekwenda kuchenjuliwa. Siku iliyofuata wakasema amekuwa mwepesi mpaka upepo umemchukua, atafutwe Nkome kwenye nyavu za dagaa. Redio alitengeneza tangazo la mtu aliyepotea, akalisoma kwa sauti ya mtangazaji: amevaa shati la drafti, mara ya mwisho alionekana akinywa kahawa kwa njia isiyo rasmi. Benchi lilicheka mpaka likainuka mguu mmoja. Walikuwa bado wanacheka Salome alipofika. Hawakumwona mpaka alipokuwa amesimama katikati yao. Khanga aliivaa ndani nje. Hakusalimia mtu, na katika mji ule mwanamke kama Salome kutomwamkia Mzee Mabula ilitosha kuwanyamazisha wote.

Alimwita Klara pembeni. Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi kwa Davis kulikuwa na foleni kubwa, wachimbaji walikuwa wametoka mashimoni, na Davis hakusubiri kahawa ipoe. Karasha alipiga kelele iliyosikika stendi. Davis alimwambia hiyo ni sumu inatoka, avumilie. Amelala kifudifudi tangu siku hiyo, mwili unawaka homa, hali chakula, na jana alianza kuzungumza na marehemu baba yake. Hospitali hataki. Salome amemlilia, kaka zake wamemsihi, amefunga mlango kwa komeo.

"Hataki kwa sababu ya nini?" aliuliza Klara.

Salome alitazama benchi.

"Kwa sababu yenu," alisema.

Klara alizima jiko. Katika miaka yote aliyouza kahawa pale hakuwahi kuzima jiko kabla ya adhuhuri. Alijifunga khanga, akamchukua Mzee Mabula kwa kuwa ni mtu mzima asiyeweza kukataliwa, wakamfuata Salome. Redio alitaka kwenda nao. Klara alimruhusu afike mpaka kwenye geti, na alipofika hapo akamwambia akae hapo hapo na asikohoe.

Njiani Klara alikuwa anafikiria birika lake. Ule moto aliojivunia, ule uliofanya watu wapige kelele za raha wakishika kikombe, ndio uliokuwa umelala ndani ya mtu kwenye chumba kilichofungwa.

Mzee Mabula alibisha, akatoa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, Mwangaluka, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama aliyepita kuomba maji. Kisha sauti ya Karasha, ile ya kushindana na injini, ilitoka nyembamba kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. Alimwamkia mzee. Akasema yupo salama, amelala tu.

Klara alisogea karibu na mbao. Alimwambia anajua kilichotokea, na kwamba wanakwenda hospitali sasa hivi.

"Pale mapokezi yupo Noela," alisema Karasha. "Jirani yetu. Ataniuliza nimefanyaje. Nitamjibu nini mbele ya watu, Mama Blessing? Hiyo sentensi naianzaje?"

"Hiyo sentensi nitaisema mimi."

"Watacheka," alisema Karasha. "Redio ataisoma mpaka Kahama."

"Watacheka," alisema Klara. Hakutaka kumdanganya mgonjwa. "Hata msibani watu wa kijiwe hucheka, Amosi. Wanakaa nyuma kwenye viti vya kukodi, wanakusimulia, wanacheka. Tofauti ni kwamba hutakuwepo kuwajibu."

Muda ulipita, wakasikia kitanda kinalia, kisha miguu inaburutwa. Komeo likafunguka. Karasha alikuwa amejifunga shuka, macho yamezama, midomo imepasuka. Mtu yule mnene alikuwa amepungua. Redio, kwenye geti, alipomwona anatolewa ameshikiliwa huku na huku, aliitia simu mfukoni, akakimbia kutafuta bajaji, na akamwagiza dereva aende taratibu kwenye mashimo. Karasha alisafiri amelala kwa tumbo, kichwa kikiwa mapajani kwa Salome.

Mapokezi palikuwa na watu wengi. Noela alikuwa kazini. Alimtazama Karasha, akauliza ana nini. Karasha aliinamisha uso.

"Ameungua na kahawa," alisema Klara.

"Amemwagikiwa sehemu gani?"

"Hakumwagikiwa. Aliwekewa." Klara alisema hivyo kwa sauti ile ile anayoitumia kumwuliza mtu kama anataka kashata, wazi, bila kunong'ona, akimtazama Noela machoni. "Amewekewa kwa nyuma, kwa mpira, na mtu anayejiita daktari. Ilikuwa inachemka. Kahawa ni yangu."

Bibi mmoja kwenye foleni alijishika kifua. Kijana mmoja alianza kutabasamu, akakutana na macho ya Mzee Mabula, tabasamu likafa. Noela hakucheka. Alisema Karasha si wa kwanza mwezi huo, ni wa kwanza kusema ukweli. Mwenzake aliyemtangulia alidai amekalia birika. Akaita machela.

Walimlaza muda mrefu. Hapo walimwosha vidonda na kumtundikia maji na dawa, homa ikashuka, kisha akahamishiwa hospitali kubwa Mwanza. Huko, alipopona majeraha, kamera aliyoikimbia ikamsubiri. Safari hii hakuwa na nguvu ya kuvaa viatu. Iliona kinyama kidogo kimeota ndani, kinavuja damu. Hicho ndicho kilichokuwa kinamuuma siku zote. Kikakatwa, kikapimwa, kikaonekana bado hakijageuka kuwa kibaya. Daktari alimwambia Salome kwamba kingeachwa kingegeuka, na kwamba hakuna kahawa ya dunia hii ambayo ingekiosha.

Huku Katoro, asubuhi iliyofuata ile siku ya kumpeleka Karasha hospitali, Davis alikuja na chupa yake kama kawaida. Koti lilikuwa safi. Alimwamkia Mzee Mabula, akamsalimia Mama Blessing, akaomba ijazwe. Benchi lote lilimtazama Klara. Klara hakuipokea chupa. Alichukua kikombe kidogo, akakijaza, akakiweka kwenye benchi mbele ya Davis.

"Kunywa," alisema.

"Mimi? Hapana, mama, asante."

"Kikombe kimoja. Nakupa bure."

"Hainikubali," alisema Davis. "Tangu utotoni. Nikinywa napata kiungulia, moyo unaenda mbio. Mimi ni mtu wa soda."

Klara alisimama pale na birika, na katika mambo yote aliyoyafanya Davis, hili ndilo lililomkata maini. Aliyemaliza shule yote, bingwa wa ndimi, hakuwahi kuionja. Mzee Mabula alimuuliza kijana kama anawapa watu kitu ambacho mwili wake mwenyewe umekikataa. Davis alijibu kwamba daktari hanywi dawa za wagonjwa wake, akachukua chupa yake tupu, akaondoka akiwa na haraka kidogo. Mtaa wa pili alipata kahawa ya mwingine, lakini haikumfaa kwa siku nyingi. Salome alikuwa ameshafika kwa bwana afya wa kata, na Noela alikuwa ameandika taarifa yake. Ofisi ikafungwa kwa kufuli la serikali. Maneno ya ukutani yalibaki, na mtu mmoja mwenye duka la kusafisha mazulia akapanga chumba kile bila kuyafuta.

Redio ndiye aliyeleta habari ya mwisho ya Davis. Alisema ameonekana Nkome, mwaloni wanakoegesha mitumbwi ya wavuvi, na koti lile lile, anauza unga wa dagaa wa kuotesha nywele. Alipoulizwa unapakwa wapi, Redio alisema safari hii hataki kujua.

Karasha alirudi kijiweni mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Klara alikuwa amewaandaa. Aliwakusanya, akawaambia mtu atakayecheka hatakunywa tena hapo, na akawaapisha mmoja mmoja. Redio aliapa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa anatabasamu.

Kwa hiyo Karasha alipotokea, amekonda, anatembea kama mtu aliyebeba mayai, na kijimto kidogo mkononi, walimpokea kama askofu. Walisimama. Walimpisha nafasi nzuri. Fundi pikipiki alimwuliza habari za safari, kana kwamba alikuwa ametoka kuhiji. Redio alianza kueleza bei ya pamba Shinyanga, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza na ambalo yeye mwenyewe hakulijua. Karasha aliweka kijimto, akakaa kwa uangalifu, akamsikiliza. Pamba ikaisha. Redio akahamia kwenye choroko. Kila mtu alitazama mbele yake. Klara, aliyekuwa amelitaka jambo hilo, aliona jinsi lilivyokuwa baya: mtu amerudi kutoka kaburini kuja kijiweni kwake, amekuta ofisi ya kata.

Alichukua kikombe, akakisuuza vizuri, akainua birika.

"Usinimiminie, Mama Blessing," alisema Karasha kwa upole. "Daktari amenikataza kahawa."

Choroko zikakatika. Karasha alitazama chini. Redio alijiuma mdomo mpaka ukawa mweupe, fundi pikipiki akageukia barabarani kama aliyeitwa.

Mzee Mabula aliweka kikombe chake kwenye benchi. Alikuwa na uso wa mtu anayemjali mgonjwa kwa dhati, na anayetaka kulielewa vizuri agizo la daktari ili asije akamkosea.

"Amekukataza ya upande gani, baba?"

Hakuna anayejua nani alianza. Wengine wanasema Redio, ambaye kahawa ilimtoka puani. Klara anasema ni Karasha mwenyewe. Alimwona anainua uso, mashavu yanatetemeka, halafu ile sauti ya kushindana na injini ikatoka yote kwa mara moja, akacheka ameshika tumbo kwa mikono miwili, akiwaomba waache, makovu yanavuta, na hawakuacha. Fundi pikipiki alikaa chini kwenye tope. Klara aligeukia jiko, mabega yakimcheza, na machozi aliyofuta kwa ncha ya khanga hakutaka kujua ni ya kicheko au ya nini. Alimchemshia Karasha maji ya tangawizi, akampa mkononi.

Mzee Mabula peke yake hakucheka. Alikuwa bado anasubiri jibu.